Mlima hauna altimita

Ukiruka kwa vyombo, ndani ya mawingu, mahali pasipo na rada wala mwongozaji ndege, una hatari mbili za kujilinda nazo: ndege nyingine na ardhi. Altimita, chombo kinachopima kimo kwa kusoma mgandamizo wa hewa, hukukinga na hizo mbili kwa njia tofauti.

Juu kwenye kimo cha safari kila rubani ameweka 1013, mgandamizo sanifu kwa hektopaskali, kwa hiyo wote mnakosea sawasawa na nafasi kati yenu inabaki. Mlima hauna altimita. Hapo kosa lote ni lako.

Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali 1 ni takriban futi 27. Mgandamizo ukishuka kwa 10 bila wewe kujua, sindano husema 3,000 nawe uko 2,730. Baridi huzidisha: kila nyuzi 10 chini ya joto sanifu, lile ambalo altimita imeundwa kulichukulia, hupunguza karibu asilimia 4 ya kimo chako juu ya kituo kilichotoa QNH, yaani mgandamizo wa mahali hapo uliorekebishwa hadi usawa wa bahari. Ukiwa futi 5,000 juu ya kituo na hewa ni baridi kuliko sanifu kwa nyuzi 20, futi 400 hazipo.

Kabla ya kuondoka kiwanja kisicho na mnara, zungusha kitufe cha altimita mpaka sindano zionyeshe mwinuko uliochapishwa wa kiwanja, kisha soma namba ya mgandamizo kwenye kidirisha chake. Hiyo ndiyo QNH ya hapo. Iandike pamoja na saa, maana huzeeka haraka. Njiani, unapokagua kimo chako juu ya ardhi, tumia QNH ya chini kabisa iliyotabiriwa, ili kosa likuweke juu. Kisha linganisha na kimo cha GPS, kisichojali mgandamizo wala joto. Vikipishana kwa futi mia kadhaa, usishuke hadi ujue sababu.

Kuhusu ndege nyingine, tangaza kwenye masafa ya redio yaliyochapishwa kwa eneo hilo: dakika 10 kabla ya kuingia, kila dakika 20 ukiwa ndani, dakika 2 hadi 5 kabla ya kubadili kimo, na tena unapoanza kubadili. Taja kimo, njia, mahali ulipo na saa ya kufika kituo kinachofuata. Wengi husahau kimo, na bila hicho anayekuja mbele yako hawezi kuamua lolote. Panaporuhusiwa, sogea maili 1 au 2 kulia kwa njia, kwani GPS huziweka ndege zinazokutana kwenye mstari uleule kabisa.