Urusi ilikuaje kubwa vile, na wafalme wake walianguka vipi?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mimi napakia dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Kijiweni tumebishana wiki nzima, mmoja anasema ukubwa wa Urusi umeletwa na Wakomunisti, mwingine anasema wafalme ndo walioipanua halafu ikawashinda. Nani yuko sahihi? Na ni kweli Alaska waliiuza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo wa pili ndo yuko sahihi, Wakomunisti waliikuta nchi tayari ina karibu sehemu moja kati ya sita ya nchi kavu yote duniani.

Anzia 1552, mfalme Ivan wa Nne alipoiteka Kazan, mji wa Watatari kwenye mto Volga, 1556 akachukua na Astrakhan, mto wote mpaka Bahari ya Kaspi ukawa wake na njia ya mashariki ikafunguka. Kilichowavuta huko ni manyoya, hasa ya kamnyama kenye umbo kama la nguchiro ambako ngozi yake ilikuwa na bei kubwa sana Ulaya. Wewe wa mwaloni utanielewa haraka, si unajua samaki wakipungua hapa karibu wavuvi wanahamisha kambi kwenda visiwa vya mbali zaidi, basi na wale walikuwa hivohivo, wakimaliza wanyama mto huu wanasogea mto unaofuata, wanajenga ngome ya magogo, wanawalazimisha wenyeji kulipa kodi ya ngozi na wakati mwingine wanashika watu wao rehani mpaka walipe, mwaka 1639 wakatokea Bahari ya Pasifiki. Ile nchi haikuwa tupu jamani, watu waliumia sana, na hili linasemwa kidogo mno.

Upande wa magharibi shida yao ilikuwa bandari. Mfalme Peter alijenga mji wa St Petersburg kuanzia 1703 kwenye ardhi aliyowanyang'anya Waswidi, 1721 akajitangaza kaizari. Malkia Catherine akachukua Crimea, rasi ya Bahari Nyeusi, 1783, na Poland akagawana na majirani mpaka ikafutika kwenye ramani 1795.

Sasa kuanguka. Mimi naona ugonjwa ulikuwa ndani muda wote, maana mamilioni ya wakulima walikuwa mali ya mabwana, wanauzwa kama ng'ombe, wameachiwa 1861 tena kwa kulipia ardhi kwa mafungu ya miaka mingi. Nchi inapanuka, mkulima hana kitu. Halafu ikaja vita na Japani 1904, manowari zikatolewa Bahari ya Baltiki kuzunguka dunia, nyingine zikapita kusini kabisa mwa Afrika, zikakutana Nosy Be, kisiwa cha Madagascar, zikakaa pale miezi kama miwili kwenye joto mabaharia wanaugua na wengine wanagoma, yaani mlangoni kwetu hapa Bahari ya Hindi! Safari nzima miezi saba, kufika Tsushima, kati ya Japani na Korea, Mei 1905 Wajapani wakazimaliza ndani ya siku mbili tu. Mwaka huohuo wafanyakazi waliokwenda kumlilia mfalme shida zao walipigwa risasi St Petersburg, na baada ya hapo wengi hawakumwona tena kama baba.

Vita ya Kwanza ya Dunia ndo ikamalizia, vita hiyohiyo ambayo Waingereza waliwatoa Wajerumani hapa Mwanza Julai 1916. Treni za Urusi zilizidiwa, chakula kikawa hakifiki mijini, na Machi 1917 wanawake waliochoka kupanga foleni ya mkate wakaingia barabarani, askari walioambiwa wawapige risasi wakafika mahali wakagoma na kujiunga nao, ndani ya wiki moja mfalme Nicholas wa Pili akaachia kiti. Wakomunisti walishika madaraka baadaye, Novemba.

Alaska ni kweli, 1867, dola milioni 7.2. Walishapigwa na Waingereza na Wafaransa kwenye vita ya Crimea, hela hawana, wakaona Waingereza wa Canada wataichukua bure siku yoyote, bora wawauzie Wamarekani.