Shangazi, tuanze na sofa au godoro?

*Shangazi shikamoo. Tumefunga ndoa mwezi wa nne, tumepanga chumba kimoja na sebule huku Chanika, tuna milioni moja na laki mbili ya kununulia vitu vya ndani. Mume wangu anataka tuanze na sofa seti na tivii ya ukutani maana wageni wanakuja wanakalia mkeka, mi naona bado tunalalia godoro la kuazima la inchi 4 na mgongo unaniuma. Tuanze na nini?* – Bibi harusi, Chanika

Marahaba mwanangu, na hongereni sana. Godoro. Na sisemi hivyo kumpinga mume wako, nasema hivyo kwa sababu mgeni anakaa masaa mawili anaenda kwao, nyie mnalala hapo kila siku. Chukueni 5 kwa 6 inchi 8, na mkifika dukani lalieni, msione aibu, halafu kaeni pembeni kabisa mwa godoro, mkisikia mmegusa ubao, au mkinyanyuka linabaki na shimo, achaneni nalo. Mkipata mawili ya saizi moja yanyanyueni yote, lile zito mara nyingi ndo lina sponji ya maana.

Baada ya godoro ni pazia, jiko, sufuria mbili tatu na feni. Afu mkae hivyo hivyo miezi miwili kabla ya kugusa hela ya sofa. Nyumba bado hamjaijua, hamjui jua la saa tisa linapiga ukuta upi, hamjui mvua ikija na upepo maji yanaingilia dirisha lipi, na tivii mkiitundika ukuta usio na soketi mtaishia kuburuza ekstensheni katikati ya sebule, watoto wa jirani wakija ndo wa kwanza kujikwaa.

Mimi nilinunua sofa kabla sijahamia. Hela ya mchezo wa miezi kumi yote niliimalizia hapo, kirikuu ikashusha saa moja usiku, mlango una sentimita 80 na sofa kila ukiligeuza lina 92, tukajaribu dirishani kumbe kuna grili. Likalala barazani nimelifunika turubai, kesho yake fundi akakata mkono mmoja kwa msumeno nikiangalia, akauunga ndani, na ule mkono haukukaa sawa tena, mtu akiegemea unalia. Niliumia sana siku ile. Kwa hiyo nunua tepu ya kupimia, pima mlango, korido, na ile kona ya korido, kona ndo inasahaulika, andika kwenye simu, utembee navyo.

Ukienda kwa mafundi, Keko au hata wa mtaani kwako, omba kuona fremu kabla haijavalishwa kitambaa. Akikwambia ni mninga anaweza kuwa anasema kweli, ila mninga una moyo na una ubao wa nje. Moyo ni wa kahawia inayoelekea wekundu, mchwa wanahangaika nao, lakini ule ubao wa nje mweupe mweupe wadudu wanautafuna, na ukishapakwa rangi ya kahawia na vanishi juu huwezi kuujua tena. Ndo maana nasema nenda mapema, kabla ya vanishi. Paini za Mafinga nazo si mbaya kwa fremu ya ndani na bei inapungua, mradi zimekauka na zimetiwa dawa. Na ukikuta kiti cha dukani kina vitundu kama vya sindano, chini yake kuna unga laini kama poda, usikinunue hata wakikupunguzia nusu bei, maana wale wadudu unawapeleka mpaka kitandani kwako.

*Shangazi, kabati langu la MDF linanuka uvundo, suti ya mume wangu imeota ukungu mweupe mabegani na naftalini nimejaza. Nifanyeje?* – Msomaji, Tanga

Pole mdogo wangu. Naftalini ni ya wadudu, haikaushi unyevu, hapo umeongeza harufu tu. Angalia kabati limeegemea ukuta gani, kama ni wa nje au wa bafuni basi jibu ndo hilo. Livute nyuma pabaki nafasi ya vidole vinne hewa ipite, na ulinyanyue chini kwa vipande vya mbao, maana MDF ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ikinywa maji ya deki inavimba kama mkate uliolowa na hairudi tena. Siku za jua fungua milango yote saa nne mpaka saa tisa. Nguo ukishapiga pasi iache itundikwe nje ipoe kwanza, usiingize na mvuke wake. Ule ukungu wa kwenye mbao ufute na kitambaa chenye siki, funika pua, suti piga brashi ukiwa nje juani. Ila kama rangi ya ukuta inabanduka kuanzia chini mpaka usawa wa goti na kuna unga mweupe wa chumvi chumvi, hayo maji yanapanda kutoka kwenye msingi, kupaka rangi juu yake ni kutupa hela, mwite mwenye nyumba aone kwa macho yake.

*Shangazi, mfereji wangu wa jikoni wadondoka hata nikiukaza kwa nguvu, fundi ataka tununue mpya. Ni lazima?* – Mama wa watoto watatu, Mombasa

Si lazima mwenzangu, na usiukaze tena, unakiponda kile kiraba ndani ambacho ndo pengine kimechoka. Funga valvu kubwa, fungua mfereji maji yaishe, fungua kichwa kwa spana, toa kiraba kizee uende nacho dukani upewe saizi ile ile. Kabla hujarudishia pitisha kidole pale kiraba kinapokalia, kama pana mkwaruzo au pamelika, hapo fundi wako yuko sahihi, nunua mpya. Na kama ni ule wa mkono mmoja wa kugeuza nusu, hauna kiraba hicho, ndani kuna katriji na inauzwa peke yake. Ukimaliza fungua valvu kubwa polepole huku mfereji uko wazi kidogo, utakohoa kohoa upepo utoke, afu maji yatakuja, ufunge na vidole viwili tu.