Kabla Hujalaumu Wati za Spika Yako

Wanamuziki wanaotaka spika ya kubeba, ile yenye amplifaya yake humo humo ndani, huniuliza swali moja kuliko yote: nichukue ya wati ngapi? Nami huwauliza: utaisimamisha wapi, na utachomeka nini? Wengine hudhani nawakwepa. Lakini nimepigia spika za inchi nane zikatosheleza ukumbi, na nimekaa mbele ya makabati makubwa, namba ya kutisha imebandikwa ubavuni, yakawakera watu mpaka wakahama viti.

Hizo wati zenyewe zina ujanja wake. Namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi ni ya kilele, nguvu inayofikiwa kwa kufumba na kufumbua, siyo ile ambayo spika inaweza kuihimili muda wote. Halafu ukizidisha wati mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho msikilizaji wa kawaida anaweza asikishtukie. Sauti kusikika kama imekuwa mara mbili kunahitaji karibu desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi. Kwa hiyo kati ya spika ya wati 500 na ya 1000 zenye umbo moja, mimi ningeangalia uzito na mpini. Ngazi utazipanda wewe, si muuzaji.

Kazi yenyewe iko mgongoni mwa kabati, kwenye matundu na vifundo. Spika nyingi zina swichi ndogo ya kuchagua MIC au LINE, na swichi hiyo imeharibu shughuli nyingi. Maiki ya kuimbia hutoa umeme wa milivolti chache. Mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, inaweza kutoa volti nzima. Ukichomeka mikisa kwenye tundu lililowekwa MIC, sauti inatoka imepasuka, na kifundo ukikigusa tu inaruka. Ukichomeka maiki kwenye LINE, utazungusha mpaka mwisho na bado usikie mnong'ono uliochanganyika na mvumo.

Mimi huanza na kila kitu kikiwa chini. Kifundo kikuu cha spika nakipandisha hadi nusu, kisha namwambia mwimbaji aimbe kikweli, ile sehemu ya kupayuka. "Moja mbili, moja mbili" ya kinyonge haitupi habari yoyote, kwa sababu hakuna atakayeimba hivyo watu wakishajaa. Napandisha gaini, kifundo cha kukuza sauti inayoingia, polepole mpaka ile taa nyekundu ya CLIP imemetuke kwenye neno kali, halafu narudi nyuma kidogo. Taa ikikaa imewaka muda wote, ujue kizuizi cha ndani kinabana sauti ili spika isiungue. Hapo hata ukizidi kupandisha, watu hawasikii ukubwa zaidi, wanachoka tu masikio. Na kama unapitia mikisa, pima kwanza kwenye mikisa. Sauti iliyopasukia huko haiponi kwa kushusha spika. Itapungua, lakini itabaki imepasuka.

Gita la akustiki lina ugomvi wake. Pikapu ya piezo, yaani kinasa mtetemo wa gita, isiyo na betri inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1. Ikiingia moja kwa moja kwenye LINE ya kawaida, besi inakimbia na gita linalia kwa ukali, jembamba, bila mwili, na mwenyewe anaanza kulaumu nyuzi. Kisanduku cha DI (kinacholinganisha ala na tundu la mikisa au spika) au priampu ndogo (kikuza sauti cha awali) humaliza tatizo hilo. Mpiga kinanda mwenye spika moja atumie tundu lililoandikwa L/MONO, achomeke waya mmoja tu, na achague sauti ya piano iliyotengenezwa kwa mono kama ipo. Piano nyingi za stereo zikibanwa kuwa mono zinabaki na uwazi katikati, kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Wapiga gita la umeme wanaotumia kifaa cha miguuni kinachoiga amplifaya wasizime uigaji wa kabati, yaani ile sehemu inayoiga sauti ya kabati la spika ya gita. Ule huzimwa unapoingia kwenye amplifaya halisi ya gita. Spika ya aina hii hutoa kila kinacholetwa, pamoja na makali ya juu ambayo kabati la gita lingeyameza. Jambo la pili ni kutengeneza sauti zako kwa ukubwa ule ule utakaopigia. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi na trebo vizuri sauti ikiwa ndogo. Ndiyo maana ile sauti uliyoipika chumbani usiku, besi juu na trebo juu, ikifika jukwaani inakuwa mngurumo na miiba.

Sasa mahali pa kuiweka. Ningekuwa na ruhusa ya kusema jambo moja tu, ningesema hili: inyanyue. Trebo, yaani sauti nyembamba, hutoka kwenye honi (ile pembe kama ya tarumbeta) iliyo juu ya kabati na huenda mbele kwa mstari. Spika iliyo sakafuni inaimbia magoti ya mstari wa kwanza, na waliokaa nyuma wanapata besi peke yake. Isimamishe kwenye stendi mpaka ile honi ipite vichwa vya watu waliosimama, kisha iinamishe kidogo kama stendi yako inaruhusu. Kuna faida nyingine. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo kutoka mita 2 hadi mita 16 unapoteza desibeli 18. Spika ikiwa usawa wa masikio, aliye mbele anaziba masikio huku wa nyuma akiuliza kama mmeanza. Ukiinyanyua, yule wa mbele anakuwa mbali nayo zaidi na tofauti inapungua. Panua miguu ya stendi mpaka mwisho, na spika nzito muipandishe wawili.

Ukutani besi huongezeka, na kwenye kona ya kuta mbili huongezeka zaidi. Ukisikia sauti imekuwa nzito na matope, sogeza kabati kabla ya kugusa ekwalaiza. Vile vitufe vya LIVE, DJ na SPEECH navyo vijaribu vyote, lakini DJ kwa kawaida hunyanyua besi na trebo, na sauti ya mwimbaji inazama katikati.

Maiki ikianza kupiga mluzi, watu hukimbilia kushusha trebo. Ngoja. Mluzi ni sauti ya spika kuingia tena kwenye maiki na kuzunguka, basi kata ule mzunguko. Spika iwe mbele ya mwimbaji, maiki iipe mgongo. Maiki ya kadioidi, inayosikia zaidi mbele yake, haisikii vizuri kinachotoka nyuma yake moja kwa moja. Ya superkadioidi, inayosikia eneo jembamba zaidi mbele, udhaifu wake uko upande wa nyuma lakini pembeni kidogo. Mwambie mwimbaji asogeze mdomo: akipunguza umbali kwa nusu anaongeza karibu desibeli 6 bila wewe kugusa kitu. Na asikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja, maana anaziba matundu ya nyuma na maiki inaanza kusikia pande zote. Kwa sauti ya kuimba, washa kichujio cha kukata chini ya hezi 100. Gita la akustiki likiunguruma kwa sauti nzito, ziba tundu lake kwa kifuniko cha mpira, au bonyeza kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa mawimbi ya sauti) kama kipo.

Mvumo wa umeme mara nyingi unatokana na vifaa viwili kuchomekwa soketi zilizo mbali. Jaribu soketi moja kwa vyote, tumia nyaya za XLR (zile za pini tatu), au bonyeza swichi ya GROUND kwenye kisanduku cha DI. Kuna mafundi wanaokata pini ya ethi ya plagi ili mvumo uishe. Usikubali hata siku moja. Mpiga gita ameshika nyuzi za chuma na midomo imegusa maiki. Umeme ukivuja, unapita kwake.

Ya betri hayana mengi: ichaji kabla ya kuiweka stoo, hasa ile ya asidi, kwa sababu ikikaa tupu miezi inakufa.

Spika huwashwa ya mwisho, mikisa ikiwa tayari imewaka, na wakati wa kufunga huzimwa ya kwanza, ndipo mwingine achomoe waya. Ukiona mtu anazungushia waya kiwikoni, mpokonye kwa upole. Nyaya hukunjwa kwa duara pana zikifuata mkunjo wao. Za kiwikoni hukatika ndani kwa ndani, karibu na jeki, na utagundua hilo ukumbi ukiwa umejaa.