Kratos asiye na boksi, nimchukue au nimuache?

SWALI: Kaka shikamoo, pole na majukumu. Mi niko Tanga, shabiki wa God of War toka enzi za PS2 kwenye vibanda vya gemu. Sasa kuna jamaa yuko Dar anauza akshen figa (sanamu ndogo yenye viungo vinavyokunjika) ya Kratos, shujaa wa gemu hiyo, yule wa shoka na ndevu, anasema ni orijino ya NECA, kampuni inayotengeneza figa, ila boksi hana, anataka laki na themanini. Kanitumia picha tatu WhatsApp, moja tatuu inaonekana upande wake Kratos wa kulia, halafu kasema mwenyewe bega moja limelegea. Washkaji wanasema feki hiyo achana nayo. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimuache kwanza, ila na hela usitume. Washkaji wameona tatuu kulia wakahukumu hapohapo, na kweli tatuu nyekundu ya Kratos iko kushoto kwake, inapita juu ya jicho la kushoto inazunguka kichwa inashuka begani mpaka mkononi, ila kamera za mbele za simu nyingi zinageuza picha, kulia inakuwa kushoto. Kwahiyo angalia na kovu. Kratos ana kovu kwenye jicho la kulia, yaani tatuu jicho lake na kovu jicho lake. Kama kwenye ile picha tatuu iko kulia na kovu limehamia kushoto basi picha imegeuzwa tu, jamaa hana kosa. Ila ukikuta tatuu na kovu vimekaa jicho moja, hapo aliyepaka rangi hakumjua Kratos, achana nayo hata ukipewa kwa elfu hamsini.

Mi ndo maana siku zote nasema figa ya huyu mtu usianzie kwenye boksi, anzia mwilini, kwasababu Kratos hadithi yake yote imeandikwa kwenye ngozi. Ule weupe sio rangi yake ya kuzaliwa, ni majivu ya mke wake wa kwanza na binti yake yaliyogandamana naye, ndo maana wakamuita Mzuka wa Sparta, ule mji wa kale wa Ugiriki, kwahiyo ngozi nzuri ni nyeupe ya majivu, kavu, haing'ai, na kwenye mikunjo ya misuli unaona kivuli kimepakwa kwa chini. Feki nyingi zinang'aa kama sahani ya plastiki na weupe wake ni mmoja kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Halafu tumboni kuna kovu kubwa, hilo alilipata God of War II ya 2007 Zeus, mfalme wa miungu ya Kigiriki, alipomchoma na upanga wa Olympus, na huyu wa ndevu bado analo, sasa muombe muuzaji picha ya tumbo kwa karibu uone kama kovu limechongwa au limechorwa tu kwa brashi. Kuchongwa ndo tunachotaka.

Wako wewe ni wa gemu ya 2018, ile ya kule nchi za Kaskazini mwa Ulaya na mtoto wake Atreus, hivyo mikono kuanzia kiwiko kushuka inatakiwa iwe imefungwa vitambaa. Mle ndani ameficha makovu ya minyororo iliyokuwa inafunga panga zake za zamani mikononi, hataki mtoto ayaone. Mi hicho kitu kinanigusa sana aisee, na figa iliyochongwa vizuri utaona kila mkunjo wa kitambaa. Shoka lake linaloitwa Leviathan liwe na maandishi yamechimbwa kwenye chuma, sio stika wala mstari wa kalamu, na liwemo kwenye mauzo, maana Kratos wa 2018 bila shoka hata awe orijino vipi mi bei hiyo silipi.

Kuhusu boksi, kukosa boksi sio ushahidi wa ufeki ila inashusha thamani, na kama una mpango wa kuja kumuuza tena baadae basi hiyo ni sababu ya kushusha bei sasa hivi. Alama za mwenye haki na mtengenezaji mara nyingi zinakuwa kwenye unyayo au mgongoni, omba picha ya nyayo, na apime urefu kwa rula mbele ya kamera: sanamu za NECA za saizi hii zinacheza kwenye inchi 7, sentimita 18 hivi, akikuletea wa sentimita 14 sio yenyewe.

Bega kulegea hakunitishi. Kama kiungo kinachomoka, kichomoe, paka safu nyembamba ya gundi nyeupe ya mbao kwenye ile sehemu ya duara ya kiungo, acha ikauke kabisa siku nzima ndo urudishe. Kinachonitisha ni pini iliyokatika au plastiki inayonata. Kwa joto letu la pwani plastiki laini inatoa kama mafuta, ikinata kidogo tu osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo itakaa sawa, ikinata mpaka rangi inabaki kidoleni usichukue.

Mwambie akupigie video, aigeuze taratibu mbele nyuma na nyayo. Akikubali na vyote hivyo vikiwepo mpe laki na ishirini, bega na boksi ndo sababu zako, mkikutana laki na arobaini chukua. Akikataa video, muache.

SWALI: Niaje bro, niko Mombasa. Nimenunua figa ya Ryu, yule mpiganaji wa gemu ya Street Fighter, mpya kabisa lakini goti limekwama, nikikunja nasikia inalia. Nisukume tu?

JIBU: Hapana, usisukume, utakata pini! Mara nyingi ni rangi imeshika kiungo. Chukua maji ya moto ambayo hayachemki, zamisha goti dakika moja au mbili plastiki ilainike, kisha kunja polepole huku na huku ukiwa umeshika juu na chini ya goti, sio kuvuta mguu kutoka kwenye unyayo. Ikigoma rudia. Ikiachia weka tone la mafuta ya silikoni, na tafadhali usiweke petroli wala thina, zitakula plastiki na rangi.