Kushuka na kutembea visiwani kwa boti ya tanga: uzoefu wangu kutoka Mbudya hadi Kwale

Mkuu, swali lako nililiona tangu juzi nikalikalia, maana halijibiki kwa mistari miwili. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu anasema shemeji yake amepata boti ya tanga ya futi 34 pale Msasani, na wanataka kutoka wikendi kwenda visiwani watu wanane, wakiwemo watoto wawili na mama wa mwenzetu huyo, mwenye miaka 63, asiyejua kuogelea. Wamechoka na mtindo wa kutia nanga, kula samaki na chipsi, kulala bandani na kurudi. Wanataka kutembea kisiwani, wote kwa pamoja, na anauliza waanzie wapi na wapangeje.

Huu ni mwaka wangu wa 11 kutoka na boti ya tanga hapa Dar. Tuliinunua watu wanne, na familia zetu zimekulia humo. Tangu mwaka wa pili hatujawahi kutia nanga kisiwani bila kushuka kutembea. Nakwambia kwa moyo mmoja, ndiyo sehemu ya safari ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyotugeuza kutoka watu wanne wenye boti kuwa ndugu. Lakini ilitufunza kwa uchungu kwanza, nami nitaanzia hapo.

Ilikuwa kisiwa cha Mbudya, mwezi wa saba, kusi (upepo wa kutoka kusini) linavuma. Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu. Tulishuka na dingi, ile boti ndogo ya kushukia, saa tatu asubuhi, watu tisa kwa awamu mbili, tukaivuta hadi mchanga ulipoanzia tukaifunga kwenye mti. Tukaingia njia ya ndani, kwenye mibuyu. Tulitembea vizuri, tukakaa chini ya mbuyu mmoja mnene tukala maandazi, watoto wakazunguka shina lake wakipima kwa mikono. Tuliporudi saa saba mchana dingi ilikuwa palepale tulipoiacha. Maji ndiyo hayakuwepo. Kati ya dingi na bahari palikuwa na mawe ya matumbawe, makavu, meusi, yamechongoka kama vigae vya chupa, na kwenye vidimbwi wamejaa wale wadudu weusi wa miiba mirefu. Dingi ina injini ya HP 15. Wanaume wanne tuliinyanyua, tukaenda hatua kama kumi, mwenzetu mmoja kandambili ikakatika, akakanyaga jiwe. Lilimpasua kisigino, nikauona mfupa wa mguu wa rafiki yangu. Tukaiweka dingi chini.

Tulikaa hadi karibu saa kumi tukisubiri maji. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye boti. Mtoto wa miaka minane alikuwa analia kiu hadi akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikotutisha. Mwisho kijana mmoja mwenye ngalawa alipita karibu, akatupatia dumu lake la maji la lita tano bila kuulizwa. Tulipong'oa nanga kusi lilikuwa limeshapanda, na kutoka Mbudya kurudi Msasani kwa kusi unapiga bisha njia nzima, upepo usoni. Jua lilizama tukiwa bado nje. Tuliingia gizani katikati ya nyavu na ngalawa zisizo na taa, mmoja wetu amesimama mbele na tochi, mwingine amemshikilia yule mwenye jeraha mguu wake ukiwa juu.

Hakuna aliyetukosea siku ile. Jedwali la maji lilikuwa ndani ya boti, kwenye droo. Tulipanga kwa saa ya mkononi wakati kisiwani saa anayo bahari.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kuchagua kisiwa angalia mwezi. Hapa kwetu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa kuzunguka saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kuzunguka saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3, na kwenye fungu lililolala (mwamba au mchanga unaoibuka maji yakipwa) hizo mita 3 ni mwendo mrefu wa kutembea juu ya mawe. Kila siku inayofuata nyakati zinasogea mbele kama dakika 50. Ndiyo maana siku ya tatu maji yetu ya kupwa yaliangukia saa saba mchana, wakati ule ule wa kurudi. Baada ya wiki moja hivi unafika maji mafu, mambo yamegeuka: yanajaa karibu saa nne asubuhi, yanakupwa karibu saa kumi jioni, lakini tofauti ni ndogo, na dingi haiendi mbali nawe. Ukiwa na watoto na wazee nenda maji mafu. Bamvua waachie watu wazima wenye raba nzuri.

Tangu siku ile maji yakiwa yanakupwa dingi haivutwi pwani. Inatiwa nanga yake ndogo kwenye maji ya kiunoni, watu wanatembea kwenda nchi kavu, na tunaisogeza nje kila baada ya muda. Yakiwa yanajaa tunaivuta juu kabisa kupita mstari wa mwani mkavu, kwa sababu hatari yake ni nyingine, kuondoka bila wewe. Na mtu mmoja anabaki kwenye boti kubwa. Kila mara. Nanga ikianza kukokota hakuna anayeweza kuogelea akaiwahi. Tunapokezana, na anayebaki ndiye mwenye kuchagua chakula cha jioni.

Sasa tatizo la pili, ambalo naona ndilo linalokusumbua hasa: watu wanane hawatembei mwendo mmoja. Vijana wanakimbia, mama anapumzika, watoto wanaokota makome. Baada ya nusu saa kundi limekatika mapande matatu na kila pande limenuna.

Dawa yake tuliipata kwa mume na mke wa Kifaransa waliokuwa wametia nanga Msasani wakitafuta vipuri. Walikuwa wamekaa miaka kadhaa visiwa vya Karibiani. Kule msimu wa vimbunga, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na moja, boti nyingi hushuka kusini hadi Grenada kuvikwepa (ingawa Grenada nayo haina kinga, kimbunga Ivan kiliipiga mwaka 2004, na kimbunga Beryl kikakivunja kisiwa chake cha Carriacou tarehe 1 Julai 2024). Boti zikikaa bandarini miezi mingi watu huchokana. Basi Jumamosi mabaharia na wenyeji hukutana kijiji fulani, na mtu mmoja anakuwa ametangulia kuweka njia kwa alama za unga, kupanda vilima, kuvuka mito, kupita mashamba ya watu walioombwa ruhusa. Wengine wanamfuata kwa kuusoma unga. Mchezo huo ulianzia Kuala Lumpur mwaka 1938, waliuanzisha Waingereza waliokuwa wanafanya kazi huko, na mtangulizi anaitwa sungura.

Sisi tuliolelewa na hadithi za sungura tulielewa mara moja. Kazi yake ni kudanganya. Anaweka alama, kisha duara. Kwenye duara njia inapotea. Inaweza kuendelea kushoto, kulia au nyuma yako. Wenye mbio wanakimbilia upande mmoja, wanakuta alama mbili za uongo, wanarudi. Wakati huo mama na watoto wamefika kwenye duara taratibu, na mara nyingi mtoto ndiye anayeiona alama ya kweli, kwa sababu macho yake yako karibu na ardhi. Sungura mzuri anapanga maduara yake hivi kwamba mwenye kasi anatembea kilomita sita, mwenye pole kilomita tatu, na wanafika pamoja. Sijaona mpango mwingine unaofanya hivyo bila mtu kuambiwa "tusubirini" wala "fanyeni haraka".

Unga wenyewe tuliuacha, na aliyetuachisha ni bibi mmoja wa Kwale. Kwale ni kisiwa cha wavuvi upande wa Mkuranga, kuna kijiji. Tulikuwa tumelala nanga huko, asubuhi sungura wetu akatangulia na mfuko wa sembe. Bibi alikuwa amekaa barazani anasuka ukili. Tulipomsalimu shikamoo aliitikia, kisha akauliza polepole, "Wanangu, chakula mnakimwaga njiani kwa nini?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. Nilitazama ile sembe kwenye mchanga, mbele ya nyumba ya mtu ambaye kila kilo ya unga inamfikia kwa mashua, nikaona aibu iliyonishika hadi leo ninapoandika. Tuliomba radhi. Mmoja wetu alirudi nyuma akaifukia yote, na ule mfuko uliobaki tulimpa yeye kama wageni wanaoingia na kitu mkononi, tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Sasa tunatumia unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala. Na visiwa vya hifadhi hatumwagi chochote kabisa: tunafunga vitambaa vya kanga nyekundu kwenye matawi, virefu kama kidole, vimehesabiwa. Mtu wa mwisho kwenye msafara anavifungua vyote na kuvihesabu tena. Tunamwita mfagiaji. Vikitoka 24 vinarudi 24, na kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho, akifika ujue hakuna mtu nyuma. Hakikisha mfagiaji ni mtu mtulivu, ana maji, filimbi na bandeji.

Kuhusu visiwa vyenyewe. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimetengwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975, na baadaye Sinda na Makatumbe vikaongezwa. Unalipa kiingilio kwa watu wa Hifadhi za Bahari, na ukishuka waulize walinzi wao njia ipi iko wazi, usikate yako. Bongoyo ndiyo ya kuanzia. Ni karibu, ina vijia msituni, ina kivuli. Mbudya ina mibuyu na ina kaa wa minazi, mkubwa kuliko kaa yeyote wa nchi kavu uliyemwona. Mchana anajificha mashimoni na usiku anatoka, kwa hiyo watoto wasitie mikono kwenye matundu ya mawe. Sinda naipenda kwa kutembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, lakini jua lake halina huruma.

Ukikaa kisiwa chenye watu, kama Kwale au Koma, mambo ni tofauti na hapa wengi wanakosea. Usiingie na msafara wa watu wanane wenye kofia ukapita nyuma ya nyumba za watu. Nenda kwanza wawili, muone mwenyekiti wa kijiji, jieleze, omba kijana wa kuwaongoza na mlipe bila kumpunja. Kina mama wajifunge kanga. Sisi baada ya safari ya pili Kwale, sungura akawa ni kijana wa pale pale. Alitupitisha kwenye kisima cha zamani, kwenye makaburi, kwenye mbuyu ambao kila mtu ana lake la kusema. Njia hiyo tusingeiona sisi hata tungekwenda mara mia.

Mafia umeigusia kwa mbali, nami nitagusa kwa mbali. Si ya wikendi. Kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, unateremka nao, kurudi subiri tangambili (kipindi pepo zinapobadilishana) au kusi, na mkondo wa kule si wa kujifunzia. Lakini ukifika, tembea Chole: kisiwa kidogo unachokizunguka kwa miguu, magofu yameshikwa na mizizi, na popo wakubwa wananing'inia mtini mchana kweupe. Juani, jirani yake, kuna magofu ya Kua. Kilwa Kisiwani ni mbali zaidi. Mwongozaji mtafute kwanza Kilwa Masoko. Ukisimama ndani ya magofu ya ule msikiti mkuu ukakumbuka kwamba msafiri maarufu Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331, naye akiletwa na tanga kama wewe, mguu unakuwa mzito kuondoka.

Mama yako sasa. Mpeleke, mkuu, asibaki nyumbani. Mama mkwe wangu alianza akiwa na miaka 66, naye hajui kuogelea. Mwanzo alipanda dingi amefumba macho. Mvalishe jaketi kabla hajatoka kwenye boti kubwa, aketi katikati ya dingi, mtu mzima mmoja asimame majini upande wa kushukia na kumpa bega, si mkono, mkono unateleza. Avae raba zenye soli nene na asizivue hata zikilowa. Chagueni Bongoyo, siku ya maji mafu, mshuke saa tatu maji yakipanda taratibu, mtembee kwa muda wa saa moja na nusu, saa sita muwe kivulini. Safari ya kwanza mpe kazi ya mfagiaji pamoja na wewe. Mama mkwe wangu hadi leo hakubali kuiachia, na vile vitambaa vya kanga anavifua mwenyewe, anavianika kwenye kamba ya tanga, anavihesabu kabla hatujafika Msasani.

Niambie tarehe mnazofikiria nikuangalizie maji.