Roma Asubuhi, Venice kwa Miguu Mpaka Jioni

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, mwezi ujao nitatua Venice saa sita mchana nikitokea Roma, na kesho yake alfajiri naondoka. Nijisumbue kutembea, au nilale tu hotelini?" Nilimjibu kwa mistari miwili, tembea, usilale, kisha usiku kucha jibu lile likanisumbua. Nilimwambia atembee bila kumwambia mimi mwenyewe kilinipata nini nilipojaribu mara ya kwanza. Leo nalipa deni hilo.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka mitatu iliyopita, nami nilisafiri na rafiki yangu wa tangu shuleni. Tulikuwa tumepanga safari ile kwa miezi. Nilinunua viatu vipya kwa ajili yake, nikajaza sanduku la magurudumu mpaka likawa la kufungwa kwa kulikalia. Uwanjani Fiumicino, uwanja mkubwa wa ndege wa Roma, sanduku likapita kwenye mizani, likaenda tumboni mwa ndege, na mimi nikapanda mikono mitupu nikijiona nimepanga vizuri. Ndege yenyewe ni ya saa moja hivi. Sina la kueleza humo.

Tabu ilianza tuliposhuka basi. Uwanja wa ndege wa Venice, unaoitwa Marco Polo, uko bara, ng'ambo ya wangwa. Basi namba 5 linavuka daraja refu, lile la magari lililofunguliwa mwaka 1933, na kuishia kwenye kiwanja cha Venice kinachoitwa Piazzale Roma. Hapo ndipo gari la mwisho linapofika. Kuanzia pale ni miguu au boti, awe tajiri au maskini, na kila kitu ulichobeba unakibeba wewe. Mji umesimama juu ya visiwa zaidi ya mia vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, na madaraja hayo karibu yote ni ya ngazi. Unapanda, unashuka, unatembea hatua hamsini, unapanda tena. Magurudumu ya sanduku hayana kazi pale.

Daraja la kwanza mbele yetu lilikuwa lile jipya la Ponte della Costituzione, la mwaka 2008, ambalo ngazi zake zilitengenezwa kwa vioo. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Watu wengi wameteleza pale, na mimi nikawa mmoja wao. Sikuumia sana, goti tu, lakini gurudumu moja la sanduku lilikatika. Hoteli ilikuwa Castello, upande wa pili kabisa wa mji, na anwani niliyokuwa nayo ilikuwa jina la mtaa mkubwa na namba yenye tarakimu nne. Nilidhani namba inafuata barabara kama kwingine. Venice namba za nyumba zinahesabiwa kwa mtaa mzima, na mitaa hiyo mikubwa ni sita tu: Cannaregio, Castello, San Marco, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Hapo Castello pekee namba zinapita 6,000, nazo zinazunguka vichochoroni bila mpangilio ambao mgeni anaweza kuukisia. Kwenye simu ile nukta ya kuonyesha ulipo ilikuwa inarukaruka, maana vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu, simu haizioni setilaiti vizuri.

Tulipofika karibu na daraja la Rialto kisigino changu kilikuwa kimeshapasuka malengelenge. Nikaomba tukae kidogo. Rafiki yangu akanitazama, akasema: "Wewe si mtu wa kusafiri naye. Kaa na sanduku lako, mimi naenda kuuona mji." Akaenda kweli. Nilifika hotelini saa mbili usiku, peke yangu, nikiwa nimebeba sanduku kichwani. Sikuona chochote cha Venice siku ile isipokuwa ngazi. Yeye alirudi na picha mia mbili, na mpaka leo hajawahi kusema samahani. Tunasalimiana, lakini sijasahau. Siandiki ili kumsema. Naandika kwa sababu nilichukua maneno yake nikayaamini kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilirudi. Peke yangu, njia ileile, Fiumicino asubuhi. Nimeshaulizwa mbona sikupanda treni. Treni ya kasi kutoka Roma Termini hadi stesheni ya Santa Lucia ni kama saa nne, inakushusha ukingoni mwa Canal Grande, mfereji mkuu wa Venice, na kwa mtu aliyelala Roma mjini hiyo ndiyo njia bora, sibishani. Mimi nilikuwa natua Fiumicino kutoka mbali kwa tiketi moja, na Fiumicino iko umbali wa kilomita thelathini hivi kutoka katikati ya Roma. Kuingia mjini ili nitoke tena isingekuwa na maana.

Safari hii nilikuwa na begi moja la mgongoni, kilo sita. Viatu vya zamani vilivyoujua mguu wangu. Chupa tupu ya maji, kwa sababu ukaguzi haukuruhusu kupita na maji lakini chupa tupu haizuiwi, na Venice ina mabomba ya maji ya kunywa kwenye viwanja vyake vingi. Soksi jozi ya pili ndani ya mfuko wa koti. Niliomba kiti cha dirishani upande wa kulia, kwa kuwa mara nyingi ndege zinazotua Venice huupita mji ukiwa upande huo. Nikauona mzima, umelala majini kama samaki, na Canal Grande ikiupinda tumboni mfano wa herufi S iliyogeuzwa. Nililia kidogo pale dirishani. Kilio cha safari hii kilikuwa kingine.

Kwa sababu sikuwa na mzigo wa kusubiri, nilitoka uwanjani watu wengine wakiwa bado wamesimama mbele ya mkanda. Saa saba kasoro nilikuwa Piazzale Roma. Nikakamata kingo za lile daraja la vioo, nikapita polepole, na nilipofika upande wa pili nilisimama nikapumua. Nisamehe ukiona najisifu. Lilikuwa daraja tu kwa wengine.

Kutoka stesheni ya Santa Lucia, iliyo upande huo, watu wote hufuata vibao vya manjano, "Per Rialto", "Per San Marco", na njia hiyo hujaa. Mimi nilivuka Ponte delle Guglie, lile lenye nguzo nne zilizochongoka, nikakata kushoto. Hatua chache ndani ya Cannaregio kuna kiwanja cha Ghetto, mahali ambapo mwaka 1516 serikali ya Venice iliamuru Wayahudi waishi wakifungiwa milango usiku. Neno ghetto linalotumika duniani kote lilianzia hapo. Utaona nyumba zake ni ndefu kuliko za jirani, ghorofa juu ya ghorofa na dari fupi: watu waliongezeka na ardhi haikuongezwa, wakajenga kwenda juu. Nilikaa kwenye benchi pale karibu saa nzima. Ukiwa na boti au kundi la watalii huwezi kukaa saa nzima mahali ambapo hakuna anayekuita.

Baada ya hapo niliacha ramani. Nilijifunza maneno machache tu ya vibao: calle ni kichochoro, fondamenta ni njia ya kando ya mfereji, campo ni kiwanja, na rio terà ni mfereji uliofukiwa ukawa njia. Ukishayajua unajua ni wapi utakuta maji mbele yako na wapi utapita. Nikatokea Fondamente Nove, upande wa kaskazini, ambako ng'ambo ya maji kuna San Michele, kisiwa cha makaburi chenye ukuta wa matofali. Nilibadilisha soksi hapo. Tafadhali msidharau jambo hili: badilisha soksi kabla mguu haujaanza kuuma, maana lengelenge likishatokea siku yako imekwisha.

Ndugu zangu, sisi tunaotamani kuiona dunia tuna tabia ya kubeba nyumba zetu. Tunabeba viatu vya picha, nguo za picha, vitu vya "huenda nikahitaji", halafu tunafika na kushindwa kutembea mita mia tano. Punguza mzigo. Ukidhani umepunguza, punguza tena. Na ukisafiri na mtu, mkubaliane mapema mtafanya nini mmoja akichoka, kwa sababu uchovu hutoa maneno ambayo hayarudi mdomoni. Siku ya ndege hatuihesabu, tunaiita siku ya kufika, tunailaza hotelini, na yenyewe ina saa sita au saba za mwanga ambazo umeshazilipia.

Jua lilipoanza kushuka nilivuka Rialto, lile daraja la mawe lililokamilika mwaka 1591, nikasimama palepale nilipoachwa. Sikukaa sana. Nikaendelea hadi kiwanja cha San Marco. Mnara mkubwa wa pale ulianguka wote Julai 1902 na ukajengwa upya, ukafunguliwa 1912, na asiyeambiwa hawezi kujua.

Sasa, kwa wewe uliyeniandikia. Angalia kama siku yako ina ada ya kuingia mjini. Ilianza mwaka 2024 kwa baadhi ya siku, na wanaolala hotelini hawailipi ila huenda wakahitaji kujiandikisha. Muombe mwenye hoteli akupe jina la kichochoro na la kiwanja cha karibu, namba pekee haitakusaidia. Mchana nenda kwa miguu. Tiketi ya boti nunua jioni, mara moja tu, hapo San Marco: panda namba 1, ile ya polepole inayosimama kila kituo, ukipata kiti cha mbele nje kikalie, ikurudishe Piazzale Roma kupitia Canal Grande taa zikiwa zinawashwa madirishani. Mimi nilivua viatu humo, na hakuna aliyenitazama.