Upanga wa baharini haufutwi kwa shati

SWALI: Katika filamu za kusaka hazina, mzamiaji huibuka na upanga wa miaka 300, akaufuta kwa shati na kupigana nao papo hapo. Yawezekana? – Msomaji, Likoni

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Chuma kikikaa baharini muda huo huvikwa ganda gumu la chokaa, mchanga na kutu. Mara nyingine ukilipasua hukuti upanga, ila uwazi wenye umbo lake. Kilichosalia kimenyonya chumvi. Ukikianika, kitameguka vipande vipande. Ndiyo maana hakiachwi kikauke tangu kitolewe: hulowekwa katika maji yenye kostiki soda, takriban asilimia 2, yakibadilishwa miezi mingi, pengine miaka, hadi chumvi iishe kutoka.

Mbao ni balaa zaidi. Maji ndiyo yanayozishikilia. Yakikauka ghafla hujikunja na kupasuka.

Dhahabu tu ndiyo filamu hazikosei, maana haishiki kutu.

Ukitaka kujionea, vuka feri uende Fort Jesus. Kuna vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele mwaka 1697, ikachimbuliwa kuanzia 1977 hadi 1980.